Neno Lililopanda Juu

Chicago, baridi ya mwaka themanini na tisa.
Wapangaji wangu saba mezani, supu ya kabichi,
na gazeti moja lililopita mkono kwa mkono
hadi likalowa mchuzi.
Gebhard alilisoma kwa sauti, kidole juu ya mstari:
lile jengo la ghorofa kumi na tatu, kona ya benki,
sasa linaitwa Mkwangua-anga.

Torkel akaweka kijiko chini.
"Hilo ni tanga langu."

Tulishangaa. Huyu ni mtu wa maneno haba,
huomba chumvi kwa kidevu.
Lakini usiku ule aliinuka, akashika mpini wa ufagio,
akaufanya mlingoti:
hapa tanga kuu, hapa la pili, hapa la tatu,
na hapa, kwenye ncha kabisa,
kitambaa cha pembe tatu, kidogo kama cha kufutia vikombe,
kinachopandishwa siku ambayo upepo umesinzia
na nahodha ana haraka.
"Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwepesi kuliko wote.
Nililifunga kwa meno, vidole vimekufa ganzi.
Jina lake ndilo hilo hilo.
Wamelitwaa, wakalivika matofali."

Malachy alicheka hadi akapaliwa.
"Tanga gani! Huyo ni farasi.
Babu yangu alimwekea shilingi yake ya mwisho.
Shingo kama ngazi! Alishinda kila siku
ila siku ya babu."

Zuzana, mshona kofia wa chumba cha nyuma,
alisema yeye analijua kama kofia,
ya bwana mmoja aliyeinama kuingia kila mlango
na bado akaiacha sakafuni.

Na mwanangu Nils, kutoka chini ya meza:
"Ni mpira! Ule unaopigwa juu, juu, ukapotelea juani,
mdakaji akabaki mdomo wazi."

Basi neno likavutwa huku na huku kama shuka ya watu wawili.
Gebhard akaapa kwamba kwao wangekuna mawingu tu;
mbingu ina mwenyewe.
Ermete akasema kwao wangeikuna hiyo hiyo mbingu,
kama jibini, mpaka idondoke unga.
"Kwani mbingu inawashwa?" niliuliza.
Hakuna aliyenijibu.

Butrus, mchuuzi wa vifungo kutoka milima ya Lebanoni,
alikuwa akipanga vifungo vyake kwa rangi.
"Kwetu twasema ghurfa," akasema, "yaani chumba.
Chumba tu, chenye godoro na dirisha.
Panda chumba juu ya chumba mpaka umguse malaika kisigino,
usiku kila mtu atalala katika kimoja."

Wakanyamaza kidogo.
Mimi nilikuwa jikoni na sufuria.
Kukwangua nakujua mimi kuliko wao wote:
ni kutafuta kilichobaki chini
baada ya wengine kushiba.

Mwezi wa nne Torkel alipata kazi kwenye vyuma vya jengo lile.
Meli za matanga zilikuwa zikiuzwa kwa bei ya kuni,
na mtu asiyeogopa kimo alilipwa senti zaidi.
Aliondoka alfajiri, akarudi na masizi puani,
akaomba chumvi kwa kidevu.

Jumanne moja kilipotea kitambaa changu cha jikoni,
kile cha miraba ya buluu.
Nilimgombeza Nils. Nilimshuku hata Zuzana.

Alhamisi nilipita kona ya benki na kikapu cha nguo.
Watu wameinua nyuso, msimamizi anapayuka
kwamba mtu fulani atakatwa mshahara wa nusu siku.
Nikatazama juu, nikapita ghorofa za kuhesabika
na zile ambazo jicho linazikisia tu.
Kwenye boriti ya mwisho, pembe tatu,
miraba ya buluu.

Upepo ukaja kutoka ziwani.
Kitambaa kikajaa.
Nami nikasimama pale, kikapu kiunoni,
nikisubiri, mjinga mimi,
jengo ling'oe nanga.